Mshororo wa Tatu

Kinyozi alikuwa na ulimi uliopita wembe wake kwa makali, na huo wembe wenyewe haukuwa wa kuchezea. Lakini hadithi hii si yake. Ni ya mkewe, aliyekaa upande wa pili wa ukuta, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata wale waliomjua tangu hajui kutunga uzi kwenye sindano.

Ukuta wenyewe ulikuwa jina tu. Lilikuwa duka moja, mwenye nyumba akalikata kati kwa mbao nyembamba ili apate wapangaji wawili, na wapangaji wakatokea kuwa mume na mke. Upande wa Kinyozi kulikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye kona, benchi la wanaosubiri, na redio juu ya rafu kati ya chupa ya spiriti na kopo la poda. Upande wa Fundi kulikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi, na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Katikati ya zile mbao palikatwa kidirisha cha kupitishia taulo safi. Fundi akiinua kichwa kutoka kwenye kazi yake, alichokiona kwenye kidirisha kile ni kisogo cha mumewe, kwa sababu kiti cha kunyolea kilielekezwa barabarani na Kinyozi alisimama nyuma ya kiti. Mtu akipiga chafya kule, Fundi alimwambia pole huku huku bila kusimamisha mguu.

Siku ya mapumziko, alasiri, redio ilikuwa na kipindi cha mashairi, na hapo ndipo Kinyozi alipokuwa mfalme. Yeye hakuwa mshairi. Hajawahi kuandika hata ubeti mmoja, na alilisema hilo kwa majivuno, kama mtu anayejisifu kwamba hajawahi kulazwa. Kazi yake ilikuwa kulifungua shairi la mwenzake kama fundi saa anavyofungua saa, akapanga vipande mezani, akaonyesha kipi kinazunguka na kipi kimekwama.

"Tuanze na mifupa," alikuwa akisema, redio ikishazimwa.

Mifupa ndiyo umbo la shairi: lina beti ngapi, kila ubeti una mishororo mingapi, kila mshororo umekatwa wapi, vina vya kati vimekaa au vinayumba, kibwagizo kinarudi vile vile au kinabadilisha nguo. Akimaliza mifupa ndipo anaingia kwenye nyama: nini kimefananishwa na nini, kitu gani kisicho na roho kimepewa mdomo, neno gani limerudiwa na limerudiwa kwa faida ya nani. Mwisho hutoa hukumu. Hukumu zake zilikuwa mbili tu. Shairi ama limesimama, ama limelala. Na alikuwa hodari, jamani, tusimnyime haki yake. Watu wenye vipara walikuja kukaa kwenye benchi lile, hawana hata unywele mmoja wa kunyoa, wamefuata kusikiliza tu.

Elimu hiyo aliipata kwa Mwalimu, mzee mmoja mstaafu aliyefundisha mashairi miaka na miaka na sasa alikuwa hakosi kwenye benchi. Mwalimu alimpa Kinyozi maneno yenyewe, Kinyozi akayatia chumvi. Wakawa kama watu wawili wanaovuta msumeno mmoja, huyu akivuta huku, yule anavuta kule.

Sasa, Fundi. Aliishia darasa la saba, shangazi yake akamkabidhi mkasi na kumwambia huo ndio uwe mume wake wa kwanza. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha mizani. Ilimwingia vile harufu ya poda ilivyoingia kwenye vitambaa vyake, hakuna aliyeileta. Miaka yote hiyo mguu uko kwenye kanyagio na sikio liko kwenye mbao. Siku moja akajikuta anahesabu. Redio inasoma, Kinyozi bado hajafungua mdomo, naye keshajua kwamba ubeti wa pili una kina kilicholegea. Kinyozi akifika pale na kusema vivyo hivyo, Fundi anacheka na uzi wake mdomoni.

Kusikia kukazaa kutunga. Aliwahi kumpa mumewe shairi moja, mapema kabisa, limeandikwa nyuma ya karatasi ya kukatia kola. Alilipitisha kwenye kidirisha pamoja na taulo. Kinyozi alikuwa na mteja. Akaitazama ile karatasi kwa jicho moja, akaguna, akasema, "Nitaliangalia baadaye." Kisha akafutia wembe. Si kwa ubaya, masikini, mkono ulikuwa unatafuta kitu cha kufutia. Lakini hiyo baadaye haikufika, na Fundi si mwanamke wa kuomba kitu mara mbili.

Mara mbili aliomba kitu kimoja tu, na si mara mbili, mara nyingi mpaka akachoka: mkanda wa cherehani. Ule wa ngozi ulikatika, Kinyozi akauunga kwa waya, akapiga kifua kwamba ni wa muda tu, hadi mwisho wa mwezi. Waya ukaurefusha mkanda, mkanda ukalegea. Kwenye kitambaa chepesi mashine ilikwenda vizuri. Ikikutana na kitambaa kizito, mkanda uliteleza kwenye gurudumu, mguu unashuka lakini sindano haishuki. Fundi akauzoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Akajua kutafunia upande wa pili.

Ndipo ikaja kazi ya foronya za mito ya makochi, rundo zima, za ukumbi fulani wa kungojea. Foronya za mraba, pande nne sawasawa, na kila moja ilitaka mshono wa kuzunguka. Kazi ya namna hiyo inaacha akili bure. Mguu ukikanyaga kwa mwendo mmoja, maneno yakaanza kujipanga juu yake. Upande mmoja wa foronya, mshororo mmoja. Anageuza kona, mshororo wa pili. Anageuza, wa tatu. Anageuza, kibwagizo. Foronya moja ikiisha, ubeti umeisha. Hakuhitaji vidole vya kuhesabia, mguu wenyewe ulihesabu: nane, pumzi, nane, kona.

Akaliandika, akalituma redioni kwa simu ile ile anayopokelea vipimo vya wateja. Washairi wana lakabu zao, majina ya kujifichia, naye akajipa lake: Mzee wa Mbali. Alicheka peke yake alipoliandika, maana hakuwa mzee na umbali wenyewe ulikuwa ubao mmoja.

Akajiwekea sharti, na Fundi akijiwekea sharti hata yeye mwenyewe hawezi kumbembeleza. Redio ikilisoma, Kinyozi atalifungua mbele ya watu bila kujua la nani. Akisema limesimama, ataendelea kutunga, na siku hiyo hiyo atamwambia. Akisema limelala, basi. Kalamu itarudi kazini kwake kuandikia vipimo vya suruali, na ukuta ule atauacha uwe ukuta mpaka siku watakapobebwa kutoka ndani ya lile duka.

Likasomwa. Ilikuwa siku ya mapumziko kama nyingine. Kwenye kiti alikaa muuza nyama wa mtaa, waliyemwita Bucha, shingo nene imefungwa kitambaa, nusu ya kichwa imekwisha na nusu bado. Kwenye benchi yuko Mwalimu na kalamu yake, anaandika nyuma ya kalenda kuukuu kila kinachosomwa, maana mtangazaji alikuwa na kawaida ya kusoma kila shairi mara mbili. Upande wa pili Fundi ameshika foronya ya mwisho na hashoni. Mtangazaji akataja: Mzee wa Mbali, shairi "Upande wa Pili". 

*Nakuita ukutani, sauti yangu yagota,*
*Wasikia wa njiani, hata mbio wakipita,*
*Wanipita mlangoni, nami kimya nasota,*
*Upande wa pili huku, nani atanisikia?*

*Wengine hufunguliwa, wapewa kiti na neno,*
*Yao yote hupokewa, yakapimwa kwa mifano,*
*Mimi ndiye wa kupewa, kisogo na mguno,*
*Upande wa pili huku, nani atanisikia?*

*Sina haja ya zawadi, wala sifa ya hadhara,*
*Nilipewa na ahadi, nimengoja kwa subira,*
*Kisogo sikifaidi, geuka japo mara,*
*Upande wa pili huku, nani atanisikia?*

Kinyozi akazima redio. Akazima na mashine ya kunyolea, jambo ambalo si kawaida yake.

"Huyu mzee ana kitu," akasema.

Kule kwa Fundi, pumzi iliyokuwa imesimama ikapiga hatua moja.

"Anawasema wakubwa," Bucha akadakia. "Si unasikia? Wanapita kwa mbio, sisi tunagonga, hawasikii. Ahadi zao ndizo hizo. Mimi namwelewa sana mzee huyu."

"Wewe kila shairi ni la wakubwa," Mwalimu akasema. "Juzi lile la paka ulisema ni wakubwa."

"Na lilikuwa la wakubwa! Paka anayekula bila kufanya kazi ni nani mwingine?"

"Mimi naona anayesema ni maiti," Mwalimu akasema taratibu. "Upande wa pili. Anawaita walio hai."

"Mwalimu, maiti gani anadai ahadi?" Kinyozi akacheka. "Na apewe mguno kwa lipi? Hapana. Tuanze na mifupa, tusirukie nyama. Beti tatu. Mishororo minne minne. Kila mshororo umekatwa katikati, na vina vimekaa, sikilizeni: ukutani, njiani, mlangoni. Yagota, wakipita, nasota. Havikulazimishwa. Kibwagizo hakigeuki, kinarudi kama mtu anayegonga mlango ule ule. Na tazameni jambo moja. Shairi zima ni swali. Linauliza mara tatu na hakuna anayejibu. Kurudiarudia kule kunatia upweke kuliko angesema 'mimi mpweke'. Neno upweke hamna humu ndani, lakini mmelisikia au hamkulisikia?"

"Tumelisikia," benchi likajibu.

Fundi akauma mdomo. Yeye mwenyewe hakujua kwamba ameliacha neno lile nje. Kumbe aliliacha.

"Sasa nyama," Kinyozi akaendelea, amenogewa, kitana kinacheza hewani. "Kisogo. Angeweza kusema 'wanidharau'. Hakusema. Amenipa kisogo nikione. Mtu mmoja anaongea, mwingine hageuki. Na hicho kiti, na hayo maneno ya wengine yanayopimwa! Mimi nawaambia huyu ni mzee ambaye mkewe hamsikilizi. Kutwa mama anapokea wageni, anapiga soga, mzee kakaa ndani kasahauliwa. Wake wengine, jamani."

Fundi aliukata uzi kwa meno, na ilikuwa bahati ya mtu fulani kwamba kilichokuwa kati ya meno ni uzi.

"Ngoja," Mwalimu akasema. Alikuwa ameinamia kalenda yake, vidole vinatembea. "Ngoja kwanza. Ubeti wa kwanza, mshororo wa tatu. Wa-ni-pi-ta-m-la-ngo-ni, nane. Na-mi-ki-mya-na-so-ta." Akainua macho. "Saba."

"Rudia."

Akarudia. Saba.

"Lo," Kinyozi akasema, na sauti yake ikashuka kama mtu aliyekuta nzi ndani ya chai nzuri.

"Mimi nikipunguza mizani pale dukani mnaniita mwizi," Bucha akasema. "Yeye mnamwita mshairi!"

Benchi likavunjika mbavu. Kinyozi naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichopenya mbao. "Mzee wa Mbali ametoka vizuri nyumbani, akachoka njiani. Silabi moja, Mwalimu! Si angeongeza tu neno, shairi lisichechemee? Haya ndiyo yanayoniudhi. Mtu ana jicho, ana sikio, halafu ana uvivu wa kuhesabu."

Uvivu. Fundi aliiweka foronya mapajani. Akahesabu kwa vidole, kwa mara ya kwanza tangu alitunge. Saba. Akarudia kwa mkono mwingine, kama vidole vya mkono huo vingemhurumia. Saba. Imekuwaje? Mguu wake ulikanyaga nane, angeweza kula kiapo.  Hakutaka kuisikia hukumu. Alijua inakuja, alijua neno lenyewe, na njia pekee ya kutolisikia ilikuwa kelele. Akaiweka foronya ya mwisho chini ya sindano, akakanyaga.

Upande wa kwanza ukaenda. Akageuza kona.

Kule ng'ambo Mwalimu alikuwa hajamaliza. "Wa pili pia," akasema. "Ki-so-go-na-m-gu-no. Saba."

"Mshororo wa ngapi?"

"Wa tatu." Kidole kikateremka. "Na ubeti wa mwisho… ge-u-ka-ja-po-ma-ra. Saba. Mshororo wa tatu tena."

Kinyozi hakucheka. "Mwalimu, ulipokuwa unafundisha, mwanafunzi asiyejua kuhesabu alikuwa anakosea wapi?"

"Popote. Leo hapa, kesho pale."

"Popote. Huyu anakosea mahali pamoja tu. Mengine yote amehesabu sawasawa, hajapungua hata nusu. Mtu wa namna hii hawezi kuwa mvivu." Akakishusha kitana. "Nimemkosea adabu mzee wa watu. Hili si kosa, huu ni mwendo wake. Anatembea vizuri, anatembea vizuri, halafu kila akifika pale anapojitaja yeye mwenyewe, mimi nasota, mimi napewa kisogo, geuka unione, guu linakanyaga hewa. Mnaelewa? Lile pigo lililokosekana ndilo sikio lililokosekana. Ametuachia tundu tutumbukie!"

"Hapo sasa umevuta mbali," Mwalimu akasema, lakini kalamu yake ilikuwa inaandika.

"Ni kitu gani kinatembea hivyo?" Kinyozi akauliza, anajiuliza mwenyewe. Akaanza kugonga kopo la poda kwa kitana, kila silabi pigo moja. Mshororo wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, na pale penye pengo akakiacha kitana hewani.

Na kutoka ng'ambo ya mbao, cherehani ikafika upande wa tatu wa foronya, ule wa kufungulia, wenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Ikaenda, ikaenda, mkanda ukateleza, ikameza pigo moja, ikaendelea.

Kitana hakikushuka.

Sauti ile Kinyozi alikuwa ameisikia kila siku ya maisha yake ya ndoa, kama mtu anavyosikia damu yake mwenyewe, yaani hakuisikia. Sasa ndipo alipoisikia. Akatazama ukuta. Akatazama kiti, kiti ambacho wengine hupewa, pamoja na neno. Polepole mkono wake ukapanda ukashika kisogo chake, kama mtu aliyehisi mdudu.

"Kinyozi," Bucha akasema kutoka chini ya kitambaa, "vipi, nimepata upara?"

 Kinyozi alitoka mlango wa mbele na kitana mkononi, akapita barabarani hatua chache tu, akasimama kwenye mlango wa pili. Saa ya kipindi hakuwahi kuonekana pale. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye upande wa nne.

Kinyozi akamtazama. Kisha akatazama chini, kwenye mkanda, kwenye waya wake ulioshika kutu.

"Huu waya nilisema ni wa muda," akasema.

"Ulisema hadi mwisho wa mwezi. Hukusema mwezi upi."

Mashine ikafika mwisho wa mshono, ikanyamaza. Watu wa benchi kule wakasogelea ukuta, maana mbao zile hazikuficha siri ya mtu.

"Mzee wa Mbali," Kinyozi akaita, kwa sauti ndogo.

"Abee," Fundi akaitika.

 Kinyozi akakaa juu ya rundo la foronya alizokatazwa kukalia, na Fundi kwa mara hiyo moja hakumfukuza.

"Na mimi nimesema mkewe hamsikilizi," akasema.

"Nimekusikia. Ukasema na uvivu."

"Nilishaufuta uvivu. Hukusikia nilipoufuta?"

"Nilikuwa nashona."

"Mke wangu, niambie kitu kimoja. Ile mizani. Uliipunguza makusudi?"

Hapo Fundi angeweza kudanganya. Benchi zima lilikuwa limetega masikio, sifa imekwisha kutandikwa kama kitanda, kazi yake ni kulala tu. Lakini mtu aliyepima viuno vya watu maisha yake yote hana mazoea ya kusema kipimo cha uongo.

"Nilihesabu kwa mguu," akasema. "Mguu ulikanyaga nane. Maneno yakafuata sindano, na sindano ilipiga saba. Sikujua mpaka Mwalimu alipohesabu. Nimekaa hapa najiona mjinga."

Kinyozi akamtazama, akautazama mkanda, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza ya kukatia. "Kwa hiyo… kwa hiyo kosa ni langu! Waya wangu ndio umetunga mshororo wa tatu!"

"Usijipe cheo. Waya wako umekula silabi. Nyingine zote ni zangu."

"Zako," Kinyozi akakubali, na kicheko kikamwisha. "Lakini sikiliza, na hapa sikupaki mafuta. Nilichokisikia mle ndani kilikuwemo. Sikukitia mimi. Kila pigo lilipokosekana ulikuwa unasema jambo lile lile, na jambo lile ndilo lililoulegeza mkanda. Ungetunga kwenye mashine nzima ungepata shairi sahihi. Usingenipata mimi."

"Na hukumu?" Fundi akauliza. Aliuliza kama anauliza bei ya vifungo, macho yako kwenye uzi.

Kinyozi akasimama. Hakuisemea pale. Akaenda kwenye kidirisha cha taulo, akaingiza kichwa, akawakuta watu wa benchi wamejipanga upande wa pili kama kuku kwenye tenga, na Bucha katikati yao, nusu ana nywele, nusu hana.

"Limesimama," akawatangazia. "Na mwenye shairi ni mke wangu."

"Shemeji!" Bucha akapiga kelele. "Mzee wa Mbali ni wewe? Na mimi nimekuingiza kwenye mambo ya wakubwa!"

"Si mbaya, shemeji. Mwalimu ameniingiza kaburini."

Mwalimu alikohoa. Akasogea karibu na kidirisha, akakunja kalenda yake vizuri, na alipozungumza alikuwa mwalimu kweli, si mtu wa benchi. "Mama, mizani ni saba, na ningekuwa nasahihisha ningekata alama. Hilo siwezi kukuficha. Lakini nimesoma mashairi mengi yenye nane zote, nikayasahau kabla sijafika nyumbani. Kwenye hili lako, sikio langu lilikwama, na lilikwama pale pale palipouma. Kama ni mkono wako au ni mkanda, mimi sina namna ya kujua kutoka kwenye karatasi. Karatasi inaniambia tu kwamba limefanya kazi." Akatoa kalamu yake. "Lingine lipo?"

"Yapo," Fundi akasema.

"Mangapi?" Kinyozi akashtuka.

"Wewe kamalize kichwa cha mtu."

Mkanda mpya ulikuja kesho yake asubuhi, wa ngozi, umenyooka. Kinyozi alipoukaribia ule wa zamani alisita, akaanza maneno yake. Labda tuuache, mke wangu. Labda ndio ulio na ile sauti. Fundi alimtazama kama anavyotazama wateja wanaotaka suruali ya siku moja. "Una wazimu? Nimeusubiri mpaka nimeutungia shairi, leo uniambie tuuache? Fungua huo mtambo wako." Akaufungua. Ule wa zamani Fundi aliufungia mzigo wa vitambaa, waya wake na kila kitu, maana bado ulikuwa imara kwa kufungia.

Kitu kingine Kinyozi alikifanya bila kuambiwa. Alikizungusha kiti cha kunyolea, akahamisha na rafu na kioo, akasimama sasa ameelekea kidirisha. Wateja walilalamika kwamba macho yao hayaioni tena barabara. Akawaambia wafumbe, hawakuja kuangalia mandhari.

Shairi la pili la Fundi lilisomwa muda si mrefu baadaye, la Mzee wa Mbali yule yule, ambaye mtaa wote sasa ulijua anakaa wapi. Kinyozi alilifungua kama kawaida yake, mifupa kwanza, hakumpendelea hata kidogo. Alisema kina kimoja kwenye ubeti wa pili kimeletwa kwa kuburutwa. Kutoka ng'ambo rula ya mbao ikagonga ukuta.

"Kimeburutwa wapi? Kimekuja kwa miguu yake!"

"Mama, mhakiki akiongea mshairi hunyamaza."

"Nimenyamaza miaka mingapi? Rudia huo ubeti, uusome vizuri, usiule."

Kinyozi akaurudia. Alipofika mshororo wa tatu akapunguza mwendo, kitana kikiwa tayari juu ya kopo la poda, akagonga silabi moja moja akitafuta pengo. Halikuwepo. Nane, na nane nyingine, zote zimekaa. Bucha na Mwalimu na benchi zima wakamtazama, wanangoja hukumu. Yeye alikuwa anatazama kidirishani, ambako mkewe aliinua kichwa, uzi mdomoni, akamtazama usoni.